Ruhusa ya Kufika

Wapendwa, kaeni vizuri. Akina mama wenye watoto wachanga, sogeeni huku mbele, nafasi ipo. Leo kabla sijafungua Neno nataka kwanza tupande lori. Msicheke. Hatuendi mbali, na nauli sitaki.

Kulikuwa na dereva mmoja pale Njombe, tumwite Zefania. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na nane, ana mke na watoto watatu, na kwa miaka sita alikuwa akiendesha lori la mzee mmoja aliyeitwa Kawogo. Lilikuwa lori la tani nane, la zamani lakini la kuaminika, na Zefania alilijua vizuri. Alijua kwamba gia ya tatu inataka kusukumwa kidogo kushoto ndipo ikubali kuingia. Alijua mlango wa abiria haufungi mpaka uubamize mara mbili. Kama lori hilo lingekuwa mtu, Zefania angeweza kukwambia limeamka na furaha au limeamka limenuna.

Basi kwa muda wa wiki tatu lori lile lilikuwa limeanza kuvuma. Sauti ilitoka nyuma, chini kabisa, kule kwenye ekseli. Wiki ya kwanza ilikuwa ndogo, kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa. Zefania akasema, ni haya matairi mapya. Wiki ya pili ikawa kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka ng'ambo ya mto. Akasema, ni hii barabara, lami imechakaa. Wiki ya tatu hakusema kitu. Alipandisha kioo tu.

Mtauliza, kwa nini hakumwambia mwenye gari? Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza mnaijua bila mimi kuisema: alikuwa anaogopa. Dereva aliyemtangulia aliunguza klachi mlimani, akarudishwa nyumbani wiki hiyo hiyo. Lakini ya pili, ndugu zangu, ilikuwa sababu nzuri. Lori lilikuwa limepangiwa kupeleka mabomba ya maji kijiji cha Lihanga, huko chini bondeni upande wa Ludewa, na Lihanga ndiko Zefania alikozaliwa.

Watu wa Lihanga walikuwa wamechimba mtaro wa kilomita sita, kutoka kwenye chemchemi ya mlimani hadi kijijini. Wamechimba kwa majembe na sururu, kaya kwa zamu, tangu mwezi wa tano. Sasa ilikuwa Novemba. Mawingu yalikuwa yanajikusanya kila mchana, na udongo wa kule ni mwekundu, laini. Mvua ya kwanza kubwa ikiukuta mtaro uko wazi, unabomoka wote, na jasho la miezi sita linarudi kuwa tope. Zefania alijua kwamba akisema gari ni bovu, gari litasimamishwa, na lori jingine halitapatikana chini ya wiki moja. Wiki moja haikuwepo.

Kwa hiyo mnaona, hakuwa mtu mbaya. Alificha kwa sababu nzuri. Na mimi nawauliza, si ndizo sababu zinazotuficha vizuri kuliko zote?

Asubuhi ya safari, saa moja, mabomba yalikuwa yamekwisha kufungwa kwa kamba. Utingo alikuwa anaumwa, hakuja. Mzee Kawogo naye alikuwa amesafiri tangu jana yake, na Zefania alishukuru moyoni kwamba hatakutana na macho yake pale getini. Kwenye kiti cha abiria alipanda Mama Rustika, katibu wa kamati ya maji ya Lihanga, mama wa miaka sitini na kitu, aliyekuja kusaini mabomba. Alibeba daftari, chupa ya chai, na viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa. Zefania akaubamiza mlango mara mbili, wakaondoka.

Hawakufika mbali. Kilomita ya kumi hivi, mama akaacha kumenya kiazi.

"Mwanangu, hili gari linaumwa?"

"Hapana mama. Ndivyo magari makubwa yalivyo."

"Mimi nimepanda magari makubwa. Hili linalia."

"Ni mzigo tu, mama."

Mama akamtazama, akaendelea kumenya. Lakini Zefania alikuwa ameshaguswa. Walipofika njia panda, pale penye gereji kubwa na mafundi wengi, akasimama. Akajiambia, nitapata mtu wa haraka haraka.

Na wa haraka hakosekani. Alikuja kijana mchangamfu, spana mfukoni, akainama chini ya lori kwa muda wa kuhesabu hadi tano, akainuka.

"Bosi, hiyo ni difu, zile gia za katikati ya ekseli. Meno yamelika. Sisi tunatia unga wa mbao humo ndani, unachanganyika na oili, inakuwa nzito. Kimya. Utakwenda hadi Krismasi hutasikia kitu."

Mama Rustika akatoa kichwa dirishani. "Linapona?"

"Halitalia tena, mama."

"Sijauliza kama litalia. Nimeuliza kama linapona."

Kijana akacheka, akamwangalia dereva. Na dereva naye, wapendwa, badala ya kumsikiliza mama wa watu, akasema neno ambalo sisi wanaume tumelisema mara nyingi mno. Akasema, "Mama, niachie mimi, gari nalijua."

Wakatia unga wa mbao.

Wakaondoka, na niwaambie ukweli, kwa muda kidogo kulikuwa na utulivu. Barabara ilikuwa nzuri, haina kona, na Zefania alikuwa na hamu kubwa ya kutosikia kitu, kwa hiyo hakusikia. Akaanza hata kupiga mluzi. Akamweleza mama habari za watoto wake, mkubwa anayetaka kuwa nesi. Mama akamwambia habari za mtaro, jinsi mzee mmoja mwenye mguu mmoja alivyochimba zamu yake akiwa amekaa chini, na akakataa kusaidiwa.

Halafu lami ikaisha. Barabara ikaanza kushuka na kupinda. Kona ya kwanza ya kulia, sauti ikarudi. Si nyuki tena. Ilikuwa kama mtu anasaga kokoto. Kona ya pili ya kulia ikawa mbaya zaidi. Kisha ikaja harufu, ile ya kitu kinachoungua lakini hakijawaka. Mama Rustika alikuwa akitazama kwenye kioo cha pembeni.

"Zefania," akasema, na safari hii hakumwita mwanangu, "gurudumu la nyuma huku kwangu linatoa moshi."

Akasimamisha lori pembeni. Akashuka, akazunguka. Ulikuwa moshi mwembamba wa buluu, unatoka katikati ya gurudumu la nyuma kushoto. Akasogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu, akakirudisha upesi. Pale ungeweza kukaangia yai.

Alikaa juu ya jiwe. Mbele yake aliuona mteremko wa kwenda Lihanga, kilomita kumi na nane, kona juu ya kona, na upande mmoja hakuna kitu ila hewa. Akafikiria gurudumu lile likitoka kwenye kona mojawapo. Akamfikiria mama huyu na viazi vyake. Mawingu juu ya mlima yalikuwa yameshakuwa meusi kwa chini.

Ndugu zangu, kuna saa mtu anajua kwamba amedanganya vya kutosha. Umewahi kufika hapo? Mimi nimefika.

Mama Rustika hakumlaumu. Alimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akasema, "Nyuma hapo tumepita senta, pale penye maduka. Kuna fundi mwanamke, anatengeneza matrekta na mashine za kusaga. Anaitwa Egidia. Kunywa hiyo, kisha nenda ukamwite."

Akaenda kwa miguu, kama kilomita moja. Egidia alikuja na baiskeli iliyofungwa jeki nyuma, na magogo mawili ya kuzuia magurudumu, na mkoba wa spana. Mama wa miaka arobaini, ovaroli imefuliwa mpaka imepauka. Alimsalimia Mama Rustika kwanza, shikamoo, habari za nyumbani, habari za mtaro. Halafu akamgeukia Zefania, na hakugusa gari. Alianza kuuliza.

"Sauti imeanza lini?"

"Leo," akasema Zefania. "Leo asubuhi."

Egidia akainama, akapitisha kidole kwenye grisi iliyokuwa imevuja pembeni mwa gurudumu, akamwonyesha. Grisi ilikuwa nyeusi, na ndani yake ilimetameta kama ina mchanga wa fedha.

"Huo ni unga wa chuma, kaka. Chuma hakiliki hivi kwa asubuhi moja. Sikulaumu, ila ukinidanganya nitafungua mahali pasipohusika, na mvua ile itatukuta hapa hapa. Imeanza lini?"

Zefania akatazama chini.

"Wiki tatu."

"Ahsante. Sasa niambie, ukikanyaga mafuta inalia tofauti na ukiachia?"

Akafikiri kwa kweli, labda kwa mara ya kwanza tangu ile sauti ianze. "Hapana. Ni ile ile. Inafuata mwendo tu. Nikienda kasi inapanda, nikipunguza inashuka."

"Basi siyo difu. Difu ikiumwa, ukikanyaga inalia hivi, ukiachia inalia vile. Na kwenye kona?"

"Kona za kulia ndiyo mbaya. Za kushoto inapungua."

"Ukipinda kulia mzigo wote unalalia kushoto. Na moshi uko kushoto." Akapiga kitovu cha gurudumu kwa mpini wa spana. "Ni beringi ya hapa. Umenipa habari nzuri. Umeniokolea saa mbili."

Mnaona hapo? Mgonjwa alikuwa anaijua dalili yake yote, kona kwa kona. Alikuwa nayo kichwani wiki tatu nzima. Kilichokosekana si utaalamu. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza, na yeye kukubali kujibu.

"Kuna kingine," akasema Zefania, na sasa alikuwa hawezi kuacha. "Tumetia unga wa mbao kwenye difu."

Egidia akafumba macho kidogo. "Huo nao tutautoa."

Wakasubiri gurudumu lipoe. Wakaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, wakapiga jeki. Egidia akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa, nalo likacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akalizungusha kwa mkono, akamwambia Zefania aweke kiganja chake kwenye ekseli. Zefania akahisi mkwaruzo ukimpanda mpaka kwenye kiwiko. Zile kokoto alizokuwa akizikataa kwa masikio, sasa alizipokea kwa mkono.

Walipofungua, nati ya kubana beringi ilikuwa imelegea. Beringi yenyewe ilikuwa na vidonda: vile vyuma vidogo vya mviringo, viwili kati yake vilikuwa vimemomonyoka. Egidia akaiosha kwa dizeli na brashi kuukuu, mara tatu, mpaka dizeli ikaacha kuwa nyeusi. Akaigeuza kwenye jua, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mpya ninayo?" akajiuliza mwenyewe. "Sina. Ya saizi hii huku haipatikani." Kisha akamwambia Zefania, "Sikiliza. Naweza kuisafisha, kuijaza grisi mpya na kubana nati inavyotakiwa. Itatembea. Lakini hii siyo dawa. Ni ruhusa ya kufika tu. Nakupa kilomita kumi na nane, sikupi gari."

"Itanyamaza?"

"Haitanyamaza. Itapungua, lakini utaisikia, na uiache ilie. Ikilia unajua ilipo." Akaendelea kujaza grisi kwa kiganja, anaisukuma ndani ya beringi kama mtu anayeshindilia tumbaku. "Na masharti ninayo. Nusu ya mabomba yanabaki pale senta. Unakwenda mwendo ambao mtu wa baiskeli anakupita. Kila kilomita tatu unasimama, unaweka mkono hapa. Ukishindwa kuuacha mkono mpaka kuhesabu kumi, umefika, hata kama hujafika."

"Sawa."

"Na la mwisho. Mpigie mwenye gari."

Zefania akageukia mteremko.

"Nitampigia nikifika, dada."

"Hapana. Hapa, kabla sijarudisha gurudumu. Gari nitakaloliachia liende bila mwenyewe kujua, likiua mtu kwenye kona, mimi ndiye nimeua."

Akafuta mikono, akakaa kwenye gogo, na gurudumu likabaki limelala chini kwenye majani.

Wapendwa, ninyi mnaona hili ni jambo dogo. Kwa Zefania mlima mzima ulikuwa mwepesi kuliko ile simu. Alipanda juu kidogo, kwenye kichuguu, kutafuta mtandao. Akakuta simu yake ina jina la Mzee Kawogo mara nne. Alikuwa amezima mlio tangu alfajiri. Alisimama pale. Alifikiria ada za shule. Alifikiria mke wake atakavyopokea habari. Alitazama chini, akamwona Mama Rustika amekaa na daftari lake mapajani, hamwangalii, kwa makusudi, ili asimtie aibu.

Akapiga.

"Mzee, shikamoo. Zefania hapa." Na maneno yakamtoka bila mpangilio. "Mzee, gari ni bovu. Beringi ya nyuma kushoto. Siyo leo, ni wiki tatu. Nilijua. Nimeondoka nalo nikijua. Nimebeba mama wa kamati ndani. Na nimetia unga wa mbao kwenye difu."

Zefania akasikia gari likinguruma huko kwenye simu, halafu likazimwa.

"Mko wazima?" akauliza Kawogo. "Wewe na huyo mama?"

"Wazima, mzee."

"Mungu ashukuriwe." Mzee akavuta pumzi. "Zefania, hilo gari nimelisikia Jumatano, ulipoingia getini. Nilikuwa nakunywa chai barazani, nikaweka kikombe chini. Nikakuuliza, gari liko salama? Ukanijibu, salama kabisa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilijua siyo salama. Nikaenda Mbeya jana kutafuta beringi, nikijua nitarudi kabla hujaondoka. Nimerudi leo asubuhi naikuta nafasi ya gari tupu. Nimekupigia mara nne nikwambie simama hapo ulipo, usiendelee. Hukupokea. Sasa niko njiani na pikapu ya kuazima, ndiyo kwanza natoka mjini, huko nitafika jioni. Beringi ninayo hapa kwenye kiti, kwenye boksi lake."

Nataka msimame hapo kidogo. Yule mtu aliyemkimbia asubuhi nzima, alikuwa anamfuata na beringi mkononi. Simu alizoziogopa zilikuwa zinaleta msaada. Angepokea ya kwanza tu, asingetia unga wa mbao, asingemtia yule mama hatarini, asingekaa juu ya jiwe akiutazama ule mteremko.

"Mzee," akasema Zefania, "nisubiri hapa?"

Kawogo akafikiri. "Mawingu yakoje huko?"

"Mabaya."

"Umepata fundi? Anasemaje?"

Zefania akamweleza masharti yote, moja baada ya jingine. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni fundi. Fanya kama alivyosema, usiongeze lako. Watu wasikose maji kwa ajili ya chuma. Hayo yatakayobaki senta mimi nitayatafutia trekta. Tutakutana Lihanga."

Zefania akashuka kwenye kichuguu. Egidia alimtazama usoni mara moja, akaanza kurudisha gurudumu. Wakamwaga ule unga wa mbao kutoka kwenye difu, ukatoka kama uji ulioharibika, wakatia oili safi ya matrekta. Watu wa senta wakaja, wakashusha nusu ya mabomba wakiimba.

Kilomita kumi na nane ziliwachukua saa mbili na nusu. Watoto waliotoka shule waliwapita kwa miguu, wanawazomea. Kila kilomita tatu Zefania alisimama, akaweka mkono, na Mama Rustika akahesabu kwa sauti kutoka dirishani: moja, mbili, tatu, nne. Mara ya nne alifika saba tu, mkono ukaondoka wenyewe. Wakakaa pale nusu saa. Zefania hakutafuta sababu ya kuendelea. Walikula viazi vilivyobaki. Gurudumu lilipopoa, wakahesabu tena, wakafika kumi, wakaenda. Na ile sauti ililia njia nzima, na kioo kilikuwa wazi.

Saa kumi na nusu waliingia Lihanga. Watu walikuwa mtaroni. Walipoliona lori walitupa majembe, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka kule juu kwenye chemchemi. Mabomba yalishushwa kabla jua halijazama.

Asubuhi yake, baada ya kulala senta akisubiri trekta, Kawogo akafika na pikapu, Egidia amekaa pembeni yake, na nyuma yao trekta limebeba mabomba yaliyobaki. Zefania alisimama karibu na lori, kofia mkononi. Mzee akashuka, akaenda moja kwa moja kwake, akampa lile boksi.

"Fungua wewe," akasema. "Dada atakuelekeza."

Je, hakumwadhibu? Alimwadhibu. Alimwondoa kwenye safari za mbali miezi miwili, akamweka gereji kusafisha vyuma. Lakini hakumfukuza, na tangu hapo gari likitoa sauti hata ndogo, Zefania alikuwa wa kwanza kusema. Na mvua? Ilikuja siku ya tano, kubwa, ya kuvunja matawi. Ilikuta mtaro umekwisha kufukiwa, na mabomba yamelala ndani yake.

Sasa sisi.

Sisi tunaokaa hapa leo tumevaa vizuri, nani kati yetu havumi? Kuna nyumba humu inavuma. Mume na mke wanaongea habari za watoto na ng'ombe, na lile jambo lenyewe hawaligusi. Kuna mtu chupa imeanza kumshika, anasema ni uchovu wa kazi. Kuna kaka na dada hawajasalimiana tangu msiba wa baba yao. Na sisi ni hodari wa unga wa mbao! Tunanunua zawadi pale tulipotakiwa kuomba msamaha. Tunaimba kwa nguvu kwenye kwaya ili tusisikie. Tunahamia hata kanisa jingine. Tunatibu difu, na kidonda kiko kwenye gurudumu.

Na wengine Mungu ametupa nafuu. Ugomvi umepoa, homa imeshuka, wiki imepita vizuri. Tunasema, yamekwisha. Ndugu yangu, hayajaisha. Umepewa ruhusa ya kufika. Nafuu ni rehema kweli, ipokee kwa mikono miwili, lakini itumie kwenda mahali inapopatikana beringi. Usiitumie kusahau.

Lakini ninachotaka uondoke nacho ni hiki. Yule unayeogopa kumwambia, ameshasikia. Alisikia ulipoingia getini. Kawogo ni binadamu tu, mwenye hasira zake na mahesabu yake, lakini hata yeye alisikia, akaenda sokoni, akarudi, akaingia barabarani kumfuata mtu wake. Je, Mungu atashindwa? Unadhani anakupigia ili akufukuze? Wewe umezima mlio wa simu, na yeye yuko njiani, na dawa yako iko kwenye kiti.

Sitamaliza kwa kuwaambia ninyi tu. Mchungaji naye ana ekseli. Mke wangu amekaa pale, benchi la tatu. Mama, tangu Pasaka kuna jambo nimekuficha, na kila ukiniuliza nakujibu ni uchovu. Siyo uchovu. Tukitoka hapa leo, kabla ya chakula, nitakuomba tukae, nikwambie.

Naona unaitikia kwa kichwa. Kumbe ulishasikia.

Haya. Tusimame.